Maneno Aliyoachiwa Vera

Simu ya Zaina ilimkuta Vera Aluoch akipandisha mlango wa chuma wa duka lake la mapazia pale Kansanga. Ilikuwa Ijumaa. Mvua ya alfajiri ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, na pikipiki zilikwisha anza kugombania njia kwenye barabara ya Ggaba. Zaina hakulia. Alikuwa sajini wa polisi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa kituoni: baba yake amefariki kabla ya kupambazuka, sheikh ameshafika, watamsalia baada ya swala ya Ijumaa kisha wampeleke Bombo kumzika. 

"Lakini kaka yangu Obwona yuko njiani," akasema. "Anakuja na jeneza, na gari la kanisa lenu. Anasema Mzee alirudi Ukristo, na shahidi ni wewe. Dada Vera, ulisema nini huko kanisani?"

Vera alikuwa bado ameushika mlango, nusu juu nusu chini. Alisema tu kwamba anakuja. 

Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Siaya. Aliingia Kampala akiwa msichana kumsaidia shangazi yake biashara ya vitambaa. Shangazi alipochoka akarudi nyumbani, Vera akabaki na duka. Hakuolewa, na hilo halikumsumbua kama watu walivyodhani. Lililomsumbua lilikuwa lingine. Alitaka kujua Mungu alimuumba kwa kazi gani. Katika Kanisa la Malango Wazi, alikosali, hilo ndilo lilikuwa somo la mwaka mzima. Mchungaji Wandera, Mkenya mwenzake wa kutoka Busia, alipenda kusema kwamba Mungu haumbi mtu wa ziada, na kwamba kila aliyeketi mbele yake ana kusudi aliloandaliwa kabla hajazaliwa. Vera alikuwa akisikia maneno hayo na moyo ukimwenda mbio, kwa sababu kwake yeye kusudi lilikuwa halijaonekana.

Alikuwa amejaribu. Alijiunga na kwaya, sauti ikamwangusha. Alipewa watoto wa shule ya Jumapili, wakampanda kichwani. Alisimama mlangoni kukaribisha wageni, lakini mgeni mmoja akimweleza shida yake, Vera alimsikiliza mpaka wengine wakaingia bila kusalimiwa. Siku moja mhubiri mgeni alimwekea mkono kichwani akatabiri kwamba atasimama mbele ya maelfu ya watu. Tangu hapo aliubeba utabiri huo kama mjamzito aliyepitisha siku zake, kila Jumapili akijiuliza kama ndiyo leo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulihesabu. Kila Jumamosi kundi la kanisa lilikwenda hospitali ya Mulago kuwaona wagonjwa. Wenzake walipita kitanda hadi kitanda, wakaomba kwa sauti, wakaacha sabuni na mkate, wakaondoka. Vera alikuwa akikwama. Angeketi kwa mgonjwa mmoja, akamshika mkono, akasikiliza habari za shamba lake na mtoto wake aliyepotelea Juba, mpaka wenzake warudi kumtafuta. Walimtania kwamba roho moja humaliza mchana wake wote. Naye aliuona huo ni udhaifu wake, akamwomba Mungu amwondolee.

Huko Mulago ndiko alikokutana na Mzee Fabiano Okidi. Vera alikuwa amesimama dirishani akiongea na mama yake kwenye simu, kwa Kijaluo, na mzee wa kitanda cha pembeni akageuza kichwa akacheka. Alikuwa Mwacholi wa Kitgum, kaskazini, na lugha hizo mbili ni ndugu. Nusu ya mazungumzo alikuwa ameyaelewa. Alimwita nyara, binti yangu, neno ambalo kwao wote wawili ni hilohilo moja. Kuanzia siku hiyo Vera hakuwa na kitanda kingine.

Mzee alizaliwa Mkatoliki, akabatizwa Fabiano. Aliingia polisi kijana, akaoa Akot, wakamzaa Obwona. Kisha akahamishiwa Bombo, na huko akampenda Zubeda, binti wa Kinubi. Alisilimu ili amwoe, akaitwa Musa. Akot alibaki Kitgum na mtoto, na mwisho akafia hukohuko. Kwa Zubeda alizaliwa Zaina. Miaka mingi ilipita, na ile dini aliyoiingia kwa ajili ya mwanamke ikawa yake mwenyewe. Zubeda alipokufa aliendelea kuswali bila mtu wa kumhimiza. Hata hivyo katika kambi ya polisi walizoea kumwita Afande Fabiano, naye aliitika majina yote mawili.

Madaktari walipoona ini limeshinda dawa, walimruhusu arudi nyumbani. Nyumbani kulikuwa kwenye kota za polisi Nsambya, alikoishi Zaina. Vera akamfuata huko. Mwanzoni Zaina alimtazama kwa jicho la askari, akidhani amekuja kumwinda mtu dhaifu. Baadaye aliona jinsi baba yake alivyotulia kila mgeni huyo akifika, na zamu ya kazi ilipombana akaanza kumwachia ufunguo.

Jumatatu ya wiki aliyofariki, wakiwa wawili tu chumbani, Mzee alimwomba Vera amsalie Baba Yetu kwa Kijaluo. Vera aliduwaa, kisha akaanza: Wuonwa. Na Mzee akamfuata kwa Kiacholi: Wonwa. Maneno yao yalikwenda pamoja, yakiachana kidogo na kukutana tena, mpaka amina. Machozi yalikuwa yamemtoka mzee. Ya Vera pia, maana moyoni alishaona mbingu ikifunguka.

Ndipo Mzee alipomshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Vera hakujua kama bado anazo.

"Nyara, usije ukasema nimerudi," akamwambia. "Sikurudi. Nimemkumbuka mama yangu, basi. Yeye ndiye alinifundisha maneno haya. Mimi ni Musa. Nizikeni Bombo, karibu na Zubeda."

Akapumzika. Halafu akampa neno lingine, la Obwona, mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa luteni jeshini na ambaye Vera hakuwahi kumkuta pale hata siku moja. Alimwambia alitunze mpaka watakapoonana. Vera akaahidi.

Alitoka pale analia, na haikuwa furaha. Alikuwa anampenda yule mzee, na alitaka sana aseme anarudi kwa Yesu. Jumanne alikwenda kwa Mchungaji Wandera akamweleza yote, sala na yaliyofuata sala, bila kuficha. Mchungaji alimsikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alisema kwamba ulimi wa mgonjwa hukana mengi kwa kuogopa ndugu, lakini roho ikishaungama imeungama.

Jumatano, katika ibada ya jioni, alimwita Vera mbele. Aliwaambia watu kwamba mzee wa Kiislamu, afisa wa polisi mstaafu, amesali Sala ya Bwana kitandani mwake na kurudi zizini, na aliyemrudisha ni dada huyu. Kisha akamtangaza kuwa kiongozi wa uinjilisti wa kanisa zima. Watu walisimama. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka nje kwenye mahema, na wote walikuwa wakimpigia makofi yeye. Vera aliuona utabiri wake umetimia, na kipaza sauti kikiwa mkononi. Alifumbua kinywa kusema lile lililobaki. Kilichotoka kilikuwa, "Bwana asifiwe," na makofi yakazidi. Mtu fulani alirekodi video. Kabla ya Alhamisi kwisha ilikuwa imeshamfikia Obwona.

Na sasa mzee amekufa.

Vera alifunga duka akapanda bodaboda. Njia nzima kuelekea Nsambya alimwomba Mungu amwonyeshe la kusema, mpaka alipotambua kwamba la kusema analijua. Alichokuwa anaomba ni ruhusa ya kutolisema.

Mchungaji Wandera alikuwa akimngoja nje ya lango la kambi, amevaa suti nyeusi na Biblia kwapani. Alimpa pole kwa upole wa kweli. Alikuwa mtu mwema katika mambo mengi. Ndiye aliyemzika baba yake Vera, akasafiri hadi Siaya kwa ajili hiyo. Alimvuta pembeni ya ukuta.

"Sista, sikuombi useme uongo," alisema. "Waulize wenyewe, na wewe jibu: alisali Sala ya Bwana? Alisali. Ishia hapo. Hilo ni kweli tupu. Hayo mengine yalikuwa maneno ya mgonjwa kitandani, yaache kitandani."

Vera aliuliza itakuwaje kama watamuuliza zaidi.

"Hawatakuuliza, ukiwa hukuwapa sababu." Akamtazama. "Fikiria watu walioona yale ya Jumatano. Ukiwachanganya leo, mimi sitaweza kukutetea, na kazi aliyokupa Mungu itakufa kabla haijaanza."

Wakaingia.

Uani mbele ya kota ya Zaina kulikuwa na watu wengi kuliko alivyotarajia, na walikuwa wamejigawa bila kuambiwa. Upande wa kulia, kwenye mikeka, waliketi wanawake waliojifunika, na jamaa wa Bombo waliofika mapema na kanzu zao. Sheikh, mzee mwembamba, alisimama karibu na ndoo za maji na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Upande wa kushoto lilikuwa limeegeshwa gari la Malango Wazi, mlango wa nyuma wazi, na ndani yake jeneza lenye msalaba. Katikati, mlangoni mwa kota, askari jeshi wanne walikuwa wamesimama bega kwa bega. Hakuna aliyeweza kuingia kumwosha maiti wala kumtoa.

Zaina alikuwa mbele yao, kitambaa cheusi kichwani, mikono kifuani. Nyuma yake walikuwa wamejikusanya polisi wenzake, wengine na sare. Mmoja alikuwa na mkono kiunoni, juu ya bastola, na hakuwa akijua kwamba ameuweka hapo, au alijua. Watoto wa kambi walikwisha kuondolewa. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Vera kuliko yote.

Obwona alimtambua kutoka kwenye video. Alikuwa mrefu, gwanda lake limepigwa pasi, macho mekundu ya mtu aliyeendesha gari bila kupumzika. Alikuwa na sura ya Mzee kabisa, mpaka Vera akashindwa kumtazama.

Mkuu wa kambi, mtu mzima mwenye kitambi, ndiye aliyezungumza. Alieleza kwamba yeye hana dini katika jambo hili. Watoto wawili wa marehemu wamegombana, mmoja anataka Kitgum na mwingine Bombo, na kila mmoja anasema ndiyo aliyotaka baba yao. Hatakubali vita ya maiti ndani ya kambi yake. Pande zote mbili zimekubali kwamba mama huyu alikuwepo siku za mwisho, basi aseme alichosikia, na atakalosema ndilo litafuatwa. Atakayekataa atatoka langoni hata kama ana nyota begani.

"Sema," Obwona akamwambia Vera, kwa Kiswahili cha kambini. "Mzee ilisali maombi ya Yesu, ama hapana?"

"Alisali," Vera akajibu. "Jumatatu. Tulisali Baba Yetu pamoja."

"Amina," akasema Mchungaji nyuma yake, na upande wa kushoto ukaitikia. Wanawake wa mikekani waliinamisha vichwa. Obwona alipunga kidole, na vijana wawili wa kanisa wakaanza kulivuta jeneza kutoka garini. Lilikwaruza bati la gari, sauti kavu ndefu. Zaina hakusogea. Alikuwa akimtazama Vera tu, na machoni mwake hakukuwa na hasira tena. Kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kama mtu aliyeacha ufunguo kwa mgeni na sasa anakumbuka kwamba aliuacha mwenyewe.

Vera alihisi joto kwenye kifundo cha mkono, pale Mzee alipomshika. Angeweza kukaa kimya. Ilikuwa imekwisha, hakuna aliyeuliza zaidi, vilevile kama Mchungaji alivyosema. Wangempeleka Kitgum, wangemwimbia, na Jumapili angesimama mbele ya ukumbi uliojaa.

"Sijamaliza," akasema.

Haikusikika vizuri. Akarudia, na safari hii hata vijana wa jeneza walisimama.

Aliwaambia. Aliyasema maneno ya Mzee kama alivyoyapokea, kwa mpangilio uleule: kwamba hakurudi, kwamba alimkumbuka mama yake aliyemfundisha ile sala, kwamba yeye ni Musa, kwamba azikwe Bombo karibu na Zubeda.  Alipomaliza, mwanamke mmoja mkekani alitoa kilio kifupi, akakikata kwa kiganja.

Mchungaji alimwekea mkono begani. Aliwaambia watu kwamba Sista Vera ana majonzi, amechoka, na ingefaa wamwombee kabla hajaendelea kusema.

Vera aliutoa ule mkono taratibu. "Mchungaji, nilikuambia yote Jumanne," alisema. "Hata hili nilikuambia."

  Obwona alikuwa ameshapiga hatua, kisha nyingine, mpaka Vera akaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Polisi nyuma ya Zaina wakasogea, na askari wa mlangoni nao wakasogea kuwakabili. Yule aliyekuwa na mkono juu ya bastola sasa alikuwa amefungua mkanda unaoishikilia. Mkuu wa kambi alisema kitu, hakuna aliyemsikiliza.

"Nani amekufundisha maneno haya?" Obwona akauliza. "Ni huyu?" Akamnyooshea Zaina kidole bila kumtazama. "Baba yangu ilizaliwa Fabiano. Mama yangu alimngoja mpaka kufa, na hata kumzika hapana kuja, juu ya hii dini yao. Leo tena mnataka kumchukua?"

Hapo Vera akajua kwamba ahadi ya pili imefika siku yake. Hakuwa ameipanga namna hii. Alikuwa amefikiri wangeketi mahali, wawili tu, na chai.

"Kuna neno lako," alimwambia. "Alisema nilitunze mpaka tuonane."

Akaacha Kiswahili. Alizungumza Kijaluo, polepole, akichagua maneno yaliyo karibu na Kiacholi, ili ayaelewe yeye na asielewe kila mtu pale uani. Alimwambia kwamba mama yake Akot alipofariki, Mzee alipata habari siku ileile na akaondoka Kampala usiku uleule. Alifika Karuma, njiani kuelekea Kitgum. Aliposhuka basi kunywa chai, miguu ilikataa kupanda tena. Aliketi karibu na daraja, juu ya maji yale yanayounguruma, mpaka basi la kurudi lilipopita, akalipanda. Hakukosa nauli, hakukosa ruhusa ya kazini, wala hakuna sheikh aliyemzuia.

"Alisema, mwambie mwanangu niliogopa macho yake," Vera akamalizia. "Alisema ulikuwa na macho ya mama yako, na hakuweza kuyatazama siku ile."

 Kitu fulani kilipita usoni mwa Obwona, kikarudi, kikapita tena.

"Karuma," alisema mwishowe. Haikuwa swali.

"Karuma."

Alivua kofia yake. Akaigeuzageuza mikononi, akitazama ndani yake, na watu wote waliokuwa wamekaza misuli wakabaki hawajui waifanyie nini. Kisha aliwaambia askari wake, bila kupandisha sauti, watoke mlangoni. Walitazamana, wakatoka. Zaina alikuwa bado amesimama palepale.

"Mwosheni haraka," Obwona akamwambia dada yake. "Barabara ya Bombo Ijumaa ni mbaya."

Ndoo za maji zikaingizwa ndani, na sheikh akazifuata. Kabla hajavuka kizingiti Obwona alimfikia, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba aliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kulibeba jeneza la Mwislamu, na yule mzee alimjibu kwamba hajawahi kumzuia mtoto asimbebe baba yake. Walipotoka naye, amefunikwa kitambaa chake, Obwona alikuwa mbele upande wa kulia, na buti zake za jeshi kati ya viatu vya makanzu. Hakuwasemesha jamaa wa Bombo wala hakumgusa Zaina. Alibeba tu.

Gari la kanisa lilikuwa limekwisha ondoka na jeneza lake tupu.

Vera aliketi ukingoni mwa mkeka usio wake. Zaina, kabla ya kupanda gari la kwenda Bombo, alimletea maji kwenye kikombe. Vera alitazamia shukrani, na aliona aibu kuitazamia.

"Ungesema Jumatano," Zaina akamwambia, "leo ningelia tu. Sasa nimepigana na ndugu yangu baba akiwa ndani hajaoshwa." Akangoja mpaka Vera amalize maji, akapokea kikombe, akaenda.

Vera alilipokea hilo, maana lilikuwa kweli.

Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, akaketi nyuma. Mchungaji Wandera alitangaza kiongozi mwingine wa uinjilisti bila kutaja sababu. Baada ya ibada alimwita ofisini. Hakumkemea. Alisema kwa huzuni kwamba alikuwa amemlea kiroho kwa miaka mingi, na kwamba siku ya Ijumaa Vera aliiuza nafsi ya mtu ili anunue amani ya uani.  Nafsi ya Mzee iko wapi Vera hakujua, na hakuona kama ni yeye wa kujua. Alikuwa ameikabidhi kwa Mungu kwa machozi kila siku tangu Jumatatu ile, na aliendelea kuikabidhi. Alichoweza kusema ni kwamba maneno yale hayakuwa yake kuyapunguza. Mchungaji alitikisa kichwa, wakaombeana, wakaagana. Hakufukuzwa. Lakini kundi la Jumamosi lilipopangwa upya, jina lake halikusomwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Alikuwa akikata mapazia na kushona pindo huku akizungumza na Mungu kwa ukali ambao hakuwahi kuuthubutu. Alimuuliza kwa nini amempa jukwaa kwa siku mbili kisha akamnyang'anya. Alimuuliza yule mhubiri mgeni aliona nini. Hakusikia sauti yoyote. Kilichomjia ni sura za watu: mama wa Soroti aliyetaka mtu ajue jinsi mume wake alivyokuwa mcheshi, kijana wa kitanda cha mlangoni aliyemwomba amtafutie dada yake, Mzee na kifundo cha mkono. Aliwahesabu wengi. Hakuna hata mmoja aliyemwomba amhubirie kwa sauti kubwa. Walimpa kitu cha kushika wakijua hawatarudi kukichukua. Na katika miaka yote ile, kwa kazi zote alizojaribu na kuchoka nazo, hakuwahi hata siku moja kutoka kwa mgonjwa akiwa amechoka. Alikuwa amemwomba Mungu amwondolee jambo hilo. Alisimama katikati ya duka, mkasi mkononi, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mteja aliyekuwa akipapasa vitambaa akamuuliza kama ni mzima.

Alikuwa mzima, lakini hofu haikumwisha. Kusimama mbele ya watu uani kulimwonyesha kwamba kazi hiyo ina gharama, na kwamba siku nyingine inaweza kumdai kuliko makofi. Hata hivyo aliandika kadi akaibandika mlangoni kwamba duka halitafunguliwa Alhamisi mchana, ili apate kwenda kwa wagonjwa.

Alhamisi ya pili Zaina alimpigia simu. Waliongea kwa tahadhari. Alisema matanga yamekwisha, Obwona alikuja siku ya tatu na gunia la mtama kutoka Kitgum, akalishusha, akaondoka. Hawajazungumza la maana, lakini gunia alilishusha mwenyewe. Kisha akaeleza alichopigia. Kota ya tatu kutoka kwake kuna mama mtu mzima, Ayaa, mkwe wa askari mmoja. Yuko kitandani na hatainuka. Ni Mkatoliki, padri alishakuja akampa sakramenti, lakini bado hatulii. Wameulizana nani anaweza kukaa naye.

"Nikawaambia yupo mmoja," Zaina alisema. "Nikawaambia pia alivyokosea. Wakasema aje."

Vera alifika mchana ule. Chumba kilikuwa na joto, pazia limefungwa, na mama mwenyewe alikuwa amekauka mpaka mashavu yake yakawa kama ya ndege. Mkwewe aliwatambulisha akatoka. Ayaa alimkagua mgeni kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka.

"Wewe ndiye wa Afande Fabiano?" aliuliza.

Vera alikubali. Akamwambia jina lake na alikotoka, na kwamba kama ana neno lolote la kuachia watu, atalibeba jinsi lilivyo.

"Leo sina," Ayaa alisema, akageukia ukutani. "Leo nataka tu nisilale peke yangu."

Vera alivuta kigoda karibu, akavua viatu. Nje makuruta walikuwa kwenye gwaride, mkufunzi akiwahesabia hatua, na mahali fulani kilimani kengele ya misheni ilianza kulia. Aliweka mkono wake juu ya shuka, karibu na mkono wa yule mama bila kuushika, akaketi mpaka pumzi ya mgonjwa ikawa ndefu na sawa. Hata baada ya hapo hakuinuka.